Kumuuzia Iliki Mtu Asiyeweza Kuinusa: Mwongozo Kamili wa Duka Dogo la Mtandaoni na Blogu, Kutoka Tanga

Sokoni Mgandini mteja wa iliki hana maneno mengi. Anachota kiganja, anapasua moja kwa ukucha, anainusa, kisha anataja bei yake. Mteja wa mtandaoni yuko Mwanza au Mbeya na ana kioo cha simu tu. Hanusi, haonji, wala hajui kama wewe ni mtu kweli au tapeli mwenye picha za kuokota. Huu ni mwaka wa sita nauza viungo kwa simu kutoka Ngamiani, na karibu kila nililojifunza ni namna ya kumpa mtu huyo pua nyingine: picha, maneno, mizani, risiti ya basi.

Mifano yangu ni ya viungo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Anayeuza vitenge au sabuni za mwani atabadilisha majina, hatua ni zilezile.

Kwanza, bidhaa

Tanga haikosi vitu vya kuuza, ila vitu vyetu vingi vizuri havipendi safari. Mimi nilianza na machungwa ya Muheza, kwa kuwa sifa yake inajulikana nchi nzima. Nikapata oda ya magunia mawili kwenda Dodoma. Basi likaharibika njiani, mzigo ukalala juani mchana kutwa. Mteja alipofungua gunia alinitumia video bila kuongeza neno. Nikamrudishia pesa yote, na machungwa yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo bidhaa yoyote naiuliza maswali manne kabla sijaweka shilingi. Je, itakaa mwezi mzima bila friji? Je, bei yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, ili nauli isiile? Je, mteja ataimaliza na kurudi? Na je, kuna sababu ya yeye kununua kwangu badala ya duka la jirani yake? Iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu zinapita maswali yote manne. Zinalimwa milimani Usambara Mashariki, huko Amani na vijiji vyake, zinashuka Muheza, na Muheza kwetu ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Aliyeko Tabora hana njia fupi kama hiyo. Hilo ndilo jibu langu la swali la nne, na wewe tafuta la kwako kabla ya kutafuta jina la duka.

Anza na bidhaa tatu, zisizidi hapo. Nimeona wenzangu wakijaza katalogi vitu arobaini, kisha mteja akiagiza wanaanza kukimbizana na wauzaji wa jumla kutafuta kitu ambacho hawajawahi kukishika.

Jambo moja la pwani yetu: unyevu. Msimu wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, viungo vilivyoachwa kwenye gunia vinaota ukungu kabla hujajua. Kipindi hicho nanunua kidogo kidogo, naanika tena kila jua linapotoka, na nahifadhi kwenye madebe yenye vifuniko vya kubana. Iliki na pilipili naziweka nzima, nasaga ikija oda tu. Harufu ya kiungo ni mafuta yanayopaa, na ukishasaga umeyafungulia mlango.

Bei: pale wengi tunapofia

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka wangu wa kwanza niliuza sana na sikupata kitu, na sababu yake naweza kuionyesha kwa hesabu.

Chukua namba za mfano. Umenunua kilo ya iliki kwa shilingi 60,000. Unafungasha pakiti za gramu 50. Kichwani unagawanya kwa 20, unapata 3,000 kwa pakiti, unauza 4,000, unajipongeza kwa faida ya elfu moja. Sasa fanya hesabu ya kweli. Ukichambua ile kilo utatoa mapepe, vijiti na iliki zilizopasuka, tuseme gramu 50. Zimebaki gramu 950, yaani pakiti 19, na kila moja imekugharimu 3,158. Nauli ya kwenda na kurudi Muheza ukileta kilo nne ni 8,000, sawa na 2,000 kwa kila kilo, kwa hiyo pakiti inabeba 105. Mfuko na lebo 350. Makato ya kutoa pesa, kwa wastani, 200. Bando la mwezi la 30,000 ukiligawa kwa pakiti 150 unazouza, 200. Jumla ni 4,013.

Kwa hiyo kila pakiti niliyouza 4,000 iliniingiza hasara ya shilingi kumi na tatu, na bado sijajilipa mwenyewe kwa kuchambua usiku kucha. Nilikuwa na wateja wengi kwa sababu nilikuwa nawapa sadaka.

Ukishapata gharama kamili, ongeza ujira wako. Usiseme "mimi nitakula faida". Jiulize ungemlipa nani na kiasi gani akufanyie kazi hiyo ya kuchambua, kupima na kufungasha, na kiasi hicho kiingie kwenye gharama. Faida inakuja juu ya hapo, na hiyo faida ndiyo inayonunua mzigo unaofuata. Nauli ya kumpelekea mteja mzigo itaje peke yake, nje ya bei. Maneno "usafiri bure" ni matamu, lakini bodaboda mmoja kwenda Raskazone anaweza kumeza faida ya pakiti tatu.

Na bei iandike wazi. Huu mtindo wa "bei njoo inboksi" siupendi hata kidogo. Mteja anahisi unataka kumtazama sura kwanza ndipo umtajie bei. Iandike kwa shilingi, hata kama unamlenga mgeni wa hotelini, kwani tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Karatasi za serikali

Nitapita haraka, ila usiruke. Namba ya mlipa kodi, TIN, hutolewa na TRA bure. Anayekuomba pesa ya TIN anakuibia. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, ukiwa na namba yako ya NIDA. Leseni ya biashara inatoka halmashauri. Anayefungasha chakula ajue kwamba tangu 2019 mambo ya usajili wa vyakula yako TBS, shirika la viwango, si kule yalikokuwa zamani, na njia nyepesi kwa mjasiriamali mdogo ni kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wana ofisi hapa Tanga, na kukufundisha usindikaji na ufungashaji ndiyo kazi yao.

Kuhusu kodi, kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi wa mtandaoni hawalijui: anayetunza kumbukumbu hulipa kidogo kuliko asiyetunza. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato ya makadirio. Akiwa kati ya milioni 4 na 7 na hana kumbukumbu, analipa 100,000. Akiwa nazo, analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 hiyo ni 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limekuokolea elfu sabini. Viwango hurekebishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, basi ukifika kaunta uliza vya mwaka huo.

Mwenye blogu naye ana sheria zake. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitungwa 2018, zikatungwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Kinachoangaliwa ni aina ya maudhui, na wanaotoa habari na matukio wanatakiwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Blogu ya mapishi na bidhaa zako si gazeti, lakini usitegemee maneno ya vijiweni. Waandikie TCRA, eleza unachochapisha, na jibu lao lihifadhi. Na ukianza kuweka habari za siasa za mtaa katikati ya mapishi ya pilau, umeshahama upande.

Duka lenyewe ni simu

Huhitaji tovuti ya mamilioni. Unahitaji laini moja ya biashara, tofauti na ile ambayo shangazi anakupigia usiku. Kwenye laini hiyo weka WhatsApp Business, ambayo ni bure. Jaza katalogi: picha, jina, uzito, bei. Weka ujumbe wa kukaribisha na saa zako za kazi. Tumia lebo kupanga wateja: "ameuliza", "amelipa", "mzigo umetoka", "amepokea". Lebo hizi nne peke yake zilinitoa kwenye aibu ya kumuuliza mteja mara mbili kama ameshalipa.

Kisha fungua akaunti Instagram au TikTok au Facebook. Chagua moja, ile wanayoshinda wateja wako, na uimudu. Wateja wangu ni kina mama wa miaka thelathini kwenda juu. Niliacha TikTok baada ya miezi miwili na sijajuta. Weka pia biashara yako kwenye Ramani za Google, hata kama duka ni chumba cha nyumbani. Mtu anayeandika "viungo Tanga" akakuona na picha na saa za kazi, tayari amekuamini nusu.

Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp, ile namba ya siri ya tarakimu sita, leo hii kabla hujalala. Na tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja. Mwenzangu mmoja alizitoa, na saa ileile wateja wake wote wakaanza kuombwa mikopo kwa jina lake. Miaka miwili ya kujenga jina iliondoka mchana mmoja.

Jinsi ya kujibu ni sehemu ya duka. Sisi watu wa Tanga tunatambulika kwa maneno yetu, basi yatumie. Mtu akiandika "Mambo, iliki sh ngapi", mjibu salamu yake kwanza, kisha bei, kisha swali moja: "Ni ya chai au ya pilau?" Swali hilo linamwonyesha kuwa unajua unachouza. Ukiona picha yake ni ya mtu mzima, "shikamoo mama" haikugharimu kitu.

Picha na maelezo badala ya pua

Picha nzuri haihitaji kamera. Piga saa mbili au saa tatu asubuhi, barazani, mahali penye mwanga usio na jua kali. Tandika kitu cha rangi moja. Mimi natumia kipande cha mkeka. Flashi zima, na kioo cha kamera kifute kwanza, kwani kina mafuta ya shavu lako.

Kwa kila bidhaa nachukua picha tatu. Ya kwanza pakiti ilivyo, lebo inasomeka. Ya pili iliki kwenye mizani ikionyesha namba, kwa sababu malalamiko ya kwanza ya mtandaoni ni "kidogo hivi?" Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: iliki moja imepasuliwa, mbegu nyeusi zenye unato zinaonekana. Iliki kuukuu mbegu zake zimefifia rangi na kukauka kama changarawe. Picha hiyo ndiyo inayonusa kwa niaba ya mteja.

Maelezo nayo yaseme jambo linaloweza kuhakikiwa. "Iliki bora kabisa, yenye ubora wa hali ya juu" halimwambii mtu lolote. Jaribu hivi: "Iliki ya Amani, imevunwa Septemba, ya kijani, gramu 50, kijiko kimoja cha mbegu kinatosha birika la vikombe kumi." Kama ina kasoro, itaje. Mwaka uliopita nilipata mzigo wenye madoa ya kahawia kwa ajili ya mvua. Niliandika hivyohivyo, nikashusha bei, ukaisha kwa siku tano. Waliowahi kununua kwangu waliniamini zaidi baada ya tangazo lile kuliko baada ya sifa zote nilizowahi kujipa.

Usichukue picha ya mtu mwingine. Mbali na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kuna aibu: mteja mmoja wa Arusha alinitumia picha yangu mwenyewe, na kipande changu cha mkeka, kutoka kwa muuzaji mwingine, akiuliza yupi kati yetu ni tapeli.

Blogu: mnazi, si mchicha

Stetasi inaishi saa 24. Chapisho la Instagram linasahaulika baada ya siku mbili tatu. Ni mchicha huo: unapanda, unachuma, unapanda tena. Blogu ni mnazi. Miezi sita ya kwanza hakuna hata kivuli, ila ukishazaa unazaa hata ukiwa umelala. Nina makala niliyoiandika mwaka wangu wa pili ambayo mpaka leo inaniletea maswali kila wiki, na sijaigusa.

Pa kuanzia ni Blogger, huduma ya bure ya Google, ambayo unaiendesha kwa simu. Ukishaandika makala kumi na ukaona bado una hamu, nunua kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni inayoishia na .co.tz, ukiunganishe. Usinunue kabla ya hapo. Nimeona watu wakilipia kikoa, nembo na muundo, kisha wakakosa la kuandika.

La kuandika utalipata kwa wateja wenyewe. Nina daftari ambalo kila swali ninaloulizwa naliandika, na likiulizwa mara ya tatu linakuwa makala. Makala yangu yenye nguvu kuliko zote ilizaliwa hivyo: "Nitajuaje kama mdalasini ni wa kweli?" Jibu lake ni fupi na mtu anaweza kulihakikisha jikoni kwake. Mdalasini wa kweli ni gome jembamba, tabaka nyingi zimeviringana pamoja kama sigara, unauvunja kwa vidole. Kasia, ndugu yake wa bei ya chini, ni gome moja nene na gumu lililojikunja pande mbili. Nikaweka picha ya vyote viwili kwenye kiganja changu. Chini kabisa nikaandika kuwa ninao ule mwembamba, bei kadhaa, bonyeza hapa kuniandikia. Sikumsukuma mtu. Aliyefika chini alishajua anachotaka.

Hicho kiungo cha kubonyeza ni rahisi kutengeneza: andika wa.me/255 kisha namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Msomaji akikigusa, mazungumzo yenu yanafunguka. Kiweke kwenye kila makala, mara moja tu.

Halafu kuna suala la majina, na hapa Kiswahili kinatupa utajiri ambao wengi wanaumwaga. Mtu wa Zanzibar anatafuta "uzile", wa bara anatafuta "binzari nyembamba", na ni kitu kimoja. Mmoja anaandika iliki, mwingine hiliki. Pilipili manga kwa mwingine ni pilipili mtama. Giligilani, kotimiri. Manjano, binzari ya manjano. Mashine ya kutafutia haijui kuwa hao ni ndugu mpaka wewe uyaandike kwenye makala moja. Mimi jina la kwetu naliweka kwenye kichwa cha habari, na mengine kwenye aya ya kwanza kwa sentensi ya kawaida: "binzari nyembamba, ambayo wengine tunaiita uzile." Usiyarundike kama orodha ya mahudhurio darasani, msomaji atakimbia.

Kichwa kiwe swali au jambo lilelile ambalo mtu angemwuliza mama yake. "Pilau ya kilo moja ya mchele inataka viungo kiasi gani" kinazidi "Siri za pilau tamu ya Kiswahili". Jibu liweke aya ya kwanza. Maelezo na hadithi za bibi zije baadaye. Mwenye sufuria motoni hana muda wa utangulizi. Najua ni kinyume cha malezi yetu ya kuzunguka kabla ya kufika, ila hapa fika kwanza.

Punguza picha kabla ya kuziweka: upana wa pikseli 1,200 unatosha, na uzito usizidi kilobaiti 200. Msomaji wako yuko kwenye basi na bando la siku. Ukurasa ukichelewa anaondoka, na kwa mtandao hatuna kile kisingizio cha "Tanga, waja leo waondoka leo" kumsema mgeni.

Unganisha blogu na Google Search Console, ambayo nayo ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakufikia. Mara moja kwa mwezi yasome. Mimi niligundua watu wanafika kwangu kwa kutafuta "iliki kwa mjamzito". Sikuandika makala hiyo. Mimi si daktari, na mteja anayeumia kwa ushauri wako si hasara ya pakiti moja. Nilichofanya ni kuongeza mstari unaomwelekeza kliniki. Ya pili kwa kutafutwa ilikuwa "namna ya kuhifadhi iliki", na hiyo niliiandika usiku uleule.

Ratiba: makala mbili kwa mwezi, basi. Anayeahidi kila siku anaacha baada ya wiki tatu. Na kama unaingia kwenye blogu ukitegemea pesa za matangazo, badilisha mawazo mapema. Blogu yangu kazi yake ni kuuza iliki, na inaifanya.

Kupokea pesa bila kuliwa

Chukua lipa namba kwa jina la biashara. Mteja akiona jina la duka linatokea kabla hajathibitisha, moyo unatulia. Akiona jina la mtu asiyemjua anasita. Kwa mtu wa nje ya Tanga mimi napokea malipo yote kabla ya mzigo kutoka, na nalisema mwanzo kabisa. Mteja mpya mwenye wasiwasi namshauri aagize pakiti moja kwanza. Wa hapa mjini analipa akipokea.

Usitoe mzigo kwa skrinshoti. Skrinshoti inatengenezwa kwa dakika mbili, na ujumbe wa kughushi wa "umepokea" nao vilevile. Angalia salio lako kwenye menyu ya simu, tena kwa macho yako. Nililiwa mara moja, Ijumaa jioni kabla ya Idd, oda ishirini zinasubiri, nikaamini picha. Matapeli wanajua siku hizo kuliko sisi. Utapeli mwingine ni wa aliyezidisha kwa makosa na anakuomba urudishe haraka. Mwambie apige mtandao wake wa simu, wao ndio wenye utaratibu wa kurejesha.

Pesa ya biashara isichanganyike na ya nyumbani. Jumamosi najilipa ujira kutoka laini ya biashara kwenda laini yangu, na unga wa nyumbani unanunuliwa kwa laini yangu. Mwanzoni nilijiona nacheza mchezo wa watoto. Sasa najua biashara ina shilingi ngapi hata ukiniamsha usiku.

Mzigo kutoka Kange

Mizigo yangu mingi inatoka kwa mabasi. Ofisi za mabasi pale stendi ya Kange wanapokea vifurushi asubuhi, wanakupa risiti, na mteja anachukua kwenye ofisi ya basi hilo kwenye mji wake. Ni haraka na nafuu kuliko njia nyingi. Posta naitumia kwa vijiji ambavyo basi la moja kwa moja halifiki. Pemba kuna boti.

Fungasha kama vile mtu ataukalia mzigo, kwa sababu atakuwepo. Pakiti ndani ya boksi gumu, nafasi zijazwe magazeti, gundi ya karatasi kote kwenye maungio. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usimpe konda kifurushi kwenye rambo. Vifungashio vya bidhaa za chakula ni suala tofauti. Mimi natumia mifuko ya kaki yenye zipu na kidirisha. Juu ya boksi jina la mpokeaji, namba yake, mji, jina langu na namba yangu, kwa kalamu isiyofutika na maji.

Nikishakabidhi nampigia mteja picha mbili: risiti, na boksi likiwa juu ya kaunta. Kisha namwandikia jina la basi, saa lilipoondoka na namba ya ofisi atakayochukulia. Usimwandikie "umetoka" halafu ukazima simu. Mtu aliyetuma pesa yake kwa asiyemjua hapati usingizi, na ujumbe wako wa saa kumi jioni unaouliza "umeshafika?" ndio unaomfanya akuletee dada yake mwezi ujao.

Siku za kutuma ziwe maalumu. Zangu ni Jumatatu na Alhamisi. Kabla ya hapo nilikuwa napanda bajaji kwenda Kange kwa pakiti moja, narudi na hasara na jasho. Mwezi wa Shaaban naongeza siku ya tatu, kwa kuwa kila jiko linajiandaa na Ramadhani, na mzigo wake naununua kabla bei Muheza haijapanda.

Mzigo ukilalamikiwa

Omba picha, pole kwanza, mjadala baadaye. Kosa likiwa langu natuma mwingine kwa nauli yangu. Likiwa la safari, tunagawana. Mama mmoja wa Mwanza alilalamika iliki hainukii. Nikamwomba aipasue, maana alikuwa anainusa na ganda lake. Akanipigia kucheka. Lakini wapo waliokuwa na haki kabisa, na wale niliowarudishia pesa bila maneno, wengi wao walirudi.

Majina, namba na anwani za wateja ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu hata wewe mwenye daftari. Usimpe rafiki yako muuza mafuta ya nywele namba za wateja wako, na ukitaka kuweka stetasi ya maneno ya mteja, mwombe ruhusa na ufiche jina.

Kwa waliokubali, nina orodha ya matangazo ya WhatsApp. Inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu, kwa hiyo kwenye kila pakiti naweka kikaratasi: "Hifadhi namba hii, tukujulishe mzigo mpya ukishuka." Natuma mara mbili kwa mwezi. Ukizidisha, wanakuzima sauti, na hutajua.

Daftari la mwisho wa mwezi

Jumapili ya mwisho nakaa na daftari. Safu tano: kilichouzwa, kilichoingia, gharama kamili, kilichobaki dukani, na mteja amenipatia wapi. Hiyo ya tano naijaza kwa kumwuliza tu kila mteja mpya. Ndiyo iliyoniambia kwamba blogu inaleta watu wachache kuliko Instagram, ila wananunua zaidi na hawaombi punguzo. Basi muda nikauhamisha.

Daftari hilohilo ndilo lililoiua bidhaa niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nauza mikeka ya ukindu, mizuri, ya rangi, watu waliisifu kwa moyo wote. Nilipojaza safu ya gharama kwa uaminifu nikaona nauli inakula karibu yote, maana basi linatoza kwa nafasi na mkeka hauna adabu, hata ukiukunja bado ni mrefu. Nilihesabu miezi mitatu mfululizo nikitumaini nimekosea. Kisha nikautoa kwenye katalogi. Ilibaki miwili, tunaikalia barazani tukichambua iliki.